Bwana wa Kola Nyeupe kwenye Ukuta wa Kibla

Baba yangu mdogo alisema sitafika popote na cheti cha kupamba nyumba. Alisema mbele ya watu, sebuleni kwetu Morogoro, siku niliyorudi kutoka chuo Dar es Salaam na stashahada yangu ya usanifu wa ndani ikiwa kwenye bahasha ngumu ili isikunjike.

"Kupamba?" aliuliza. "Kupamba si kazi ya dada zako siku ya harusi? Mtu mzima na ndevu zako, miaka miwili unasomea mapazia?"

Watu walicheka mpaka mwenye kushika kikombe akakiweka chini.

Nilipofika Doha, Qatar, kutafuta riziki, niliyasikia maneno yale yale, ila kwa lafudhi nyingine. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja huko Muaither, na wenzangu wawili waliokuwa na midomo zaidi ni dereva Mkenya, kijana wa Nakuru, na mlinzi Mganda, mtu wa makamo, mpole lakini akichokoza anachokoza kwa uso mkavu. Mimi niliajiriwa na duka la mapambo ya nyumba lililokuwa Al Sadd. Kwenye karatasi za kazi niliandikwa "msaidizi". Maana yake ni mtu wa kubeba ngazi. Kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, na kila asubuhi yule Mkenya aliniuliza, "Buda, leo unaenda kudizaini ngazi gani? Ya chuma ama ya mbao?"

Mganda, aliyemwita kila mwanamume "ssebo", yaani bwana, aliongeza, "Muache, ssebo. Ngazi nayo inapendeza ikibebwa na msomi."

Nayaandika haya nikiwa dukani kwangu mwenyewe, Morogoro, chini ya kibao chenye herufi za rangi ya dhahabu nilizozipaka kwa mkono wangu. Nimepamba hoteli mbili, ukumbi wa benki, na nyumba za watu ambao zamani wasingenifungulia geti. Sisemi kwa kujisifu tu. Nasema kwa sababu ni kweli, na mtu akiuliza nilianzaje, namwonyesha kwanza stashahada iliyo ukutani, kisha namsimulia habari za Bwana wa Kola Nyeupe.

Bwana huyo alikuwa picha. Picha ya rangi ya mafuta, ndefu kunizidi mimi, iliyochorwa kwa mtindo wa Baroko, ule wa Ulaya ya zamani, matajiri walipokuwa wakisimama mbele ya mchoraji wamevaa nguo zao nzito kuliko zote. Amevaa nyeusi tupu, na shingoni ana kola nyeupe iliyokunjwakunjwa kama chapati za maji zilizopangwa kwenye sahani. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika glavu. Nyuma yake giza. Mwanga unampiga kutoka kushoto, unamulika shavu moja, kola na vidole, basi. Na macho yake, ukisogea anakufuata.

Mama mmoja wa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, alikuwa amehamia nyumba mpya na mumewe, akainunua picha ile safarini. Sote tulimwita Madamu. Alikuja dukani kwetu akitaka mtu wa kuitundika sebuleni na kupanga vitu vingine viendane nayo. Wapambaji wetu wawili walikuwa likizo. Nikamfuata meneja nikamwambia picha za namna ile nilizisomea muhula mzima na nilipata alama za juu. Meneja alinitazama kama mtu anayetazama bei.

"Sawa," alisema. "Nenda. Ikipendeza, nitakuandika mpambaji. Mteja akilalamika, unarudi kwenye ngazi, na mkataba ukiisha sitauongeza."

Nilikwenda. Na hapa naomba msomaji aniruhusu nieleze utaalamu wangu, maana ndio uliofanya kosa liwe kubwa. Picha ya Baroko haitundikwi popote tu. Kama mchoraji ameleta mwanga kutoka kushoto, basi na dirisha la chumba liwe kushoto, ili jua la kweli na jua la kwenye picha yawe kitu kimoja. Ukifanya hivyo, mtu anatoka kwenye fremu. Ukikosea, anabaki kuwa karatasi. Mle sebuleni kulikuwa na ukuta mmoja tu wenye dirisha kushoto: mrefu, mweupe, hauna mlango wala kabati. Nilipima mara tatu. Nikatoboa matundu manne, nikafunga ndoano, na tukiwa watu watatu tulimpandisha Bwana pale. Jua la alasiri liliingia, likamgusa shavuni, na nikaapa kwamba alipumua.

Madamu aliweka mkono kifuani. "Helu," alisema, yaani imependeza. Alipiga picha kwa simu, akawatumia dada zake palepale. Nilijiona nimeshaandikwa.

Nikawa ukumbini nakusanya vifaa wakati adhana ya magharibi inaanza. Mama mkwe wa Madamu akatoka chumbani kwake na fimbo yake. Alikuwa bibi mfupi, mnene kidogo, na nyumba nzima ilimwita Yumma, neno lao la mama. Ilikuwa desturi yake kusali sebuleni, kwa sababu kuna zulia laini na magoti yake yalikuwa yanamuuma. Alitandika mswala wake, akajiweka sawa, akanyanyua mikono, akatazama mbele.

Mikono ilibaki hewani.

"Minu hada?" aliuliza. Nani huyu?

Madamu akakimbia. Mimi nikachungulia mlangoni, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mimi ni Mwislamu. Nimezaliwa Mwislamu, na saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesali alasiri uani, kwenye nyumba ileile, nikielekea upande uleule. Nilipima urefu, nikapima mwanga, nikapima uzito wa fremu. Kibla sikukipima. Nilikuwa nimemtundika Mzungu wa watu mahali ambapo kila atakayesujudu sebuleni mle atasujudu miguuni pake.

Yumma alikunja mswala taratibu. Kiarabu changu cha kazini kilitosha kuelewa alichosema: "Nimesali tangu nikiwa msichana, sijawahi kumwinamia mwanamume yeyote, hata marehemu mume wangu. Sasa nianze na huyu?" Akaenda kusali ukumbini, kwenye vigae vigumu, na niliposikia magoti yake yakigusa chini nilitamani ngazi iniangukie.

Madamu alimpigia meneja nikiwa bado pale.

Kesho yake meneja hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema picha ishushwe, mteja arudishiwe pesa ya kazi, na mimi nijue nafasi yangu. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa usiku Madamu alikuwa na karamu ya dada zake wote na picha ilikuwa imeshatangazwa. "Mpaka Ijumaa," alisema. "Lakini vifaa vya duka hugusi. Gari sitoi, mtu sitoi, kitambaa sitoi. Rekebisha kwa mikono yako."

Chumbani Muaither habari zilifika kabla yangu.

"Manze!" Mkenya alinipokea. "Mimi ni Mkristo, na mimi najua kibla iko wapi kwa hii nyumba. Si huwa naona mkiruka kitanda changu mkielekea huko? Wewe diploma yako haina dira?"

"Ina dira," alisema Mganda, akifunga kamba za buti. "Inaelekea Ulaya."

Nilicheka nao kwa sababu nisingecheka ningelia. Kisha nikavuta sanduku langu chini ya kitanda, nikatoa daftari la chuo. Daftari hilo walikuwa wakilicheka pia: nani anabeba daftari mpaka Ghuba? Lakini nilikumbuka kitu. Mwalimu wetu wa historia ya mapambo alituambia kwamba wenye picha za namna ile, zamani hizo, hawakuziacha wazi mchana kutwa. Walizitundikia pazia, juu kuna fimbo na pete, ili vumbi na jua visiharibu rangi. Mgeni akija, pazia linavutwa. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa kalamu nyekundu, nikayapigia mstari chini.

Kuhamisha picha peke yake kusingetosha. Ningeweza kumpeleka Bwana chumba cha kulia chakula, kwenye ukuta ambao wanaosali wanaupa mgongo. Lakini Yumma angepita pale mara kumi kwa siku na macho yale yangemfuata mara kumi.

Jumatano nilikwenda Umm Salal. Madamu alinifungulia akiwa na uso uliofungwa. Nikaomba kuzungumza na Yumma, yeye Madamu akiwepo anisaidie maneno. Nilianza kwa kuomba radhi. Sikusingizia mtu. Nilisema mimi ni Mwislamu, kosa ni langu, na ukuta ule sikuwa na haki ya kuutoboa bila kuuliza nani anautumia.

Nikatoa simu, nikaweka picha ya Bwana ijae kioo chote, nikaiegemeza kwenye birika la chai. Kisha nikatoa leso yangu safi, nikaitundika mbele ya simu, na ncha nikamwekea yeye mkononi.

"Vuta, Yumma."

Alinitazama, akatazama leso. Akavuta. Bwana akatokea na kola yake.

"Rudisha."

Akarudisha. Bwana hayupo.

Alivuta tena, akarudisha tena. Mara ya nne midomo ilianza kucheza. "Nani anashika kamba?" aliuliza.

"Wewe. Nitaiweka upande wako wa kulia, kimo cha mkono wako. Ukimtaka atoke, atoke. Usipomtaka, akae gizani kwake."

"Hata mke wa mwanangu hatamfungua?"

Madamu alifungua mdomo. Yumma akamwangalia tu. "Wewe mwenyewe, Yumma," alisema Madamu.

"Ijumaa nitaona," alisema bibi, na akanirudishia leso yangu imekunjwa vizuri.

Basi nilikuwa na ruhusa, lakini sikuwa na kitu kingine chochote. Nikaanza kuazima, tena kwa wale wale walionicheka.

Mkenya alikuwa na drili. Siku zake za mapumziko alikuwa akifunga televisheni kwenye kuta za watu, na ile drili aliipenda kuliko viatu vyake. "Ukivunja biti zangu nitakutoboa wewe," alisema. Kisha, nikiwa nimeshashika mlango, akaongeza, "Na nani atakusaidia kubeba hiyo mzigo? Ijumaa niko ofu. Nitakuja. Lakini sikuji kwa sababu nakuamini. Nakuja kuona ukianguka."

Mganda alinipa tochi yake ya ulinzi, yenye mwanga wa kuweza kumwamsha mtu ng'ambo ya barabara. Chumba cha kulia hakikuwa na dirisha kushoto, kwa hiyo nilihitaji kutafuta mahali pa kuweka taa itakayofanya kazi ya jua, na hakuna njia bora kuliko kuzunguka na tochi mpaka shavu la kwenye picha liwake lenyewe. "Kazini nitasema imeharibika betri," alisema. "Kwa hiyo umenifanya mwongo. Usinifanye na mjinga."

Taa, fimbo ya shaba na pete nilinunua kwa akiba yangu. Lililobaki ni pazia. Kitambaa cha pamba kisingefaa, kingeonekana shuka. Nilihitaji mahameli nzito, ya rangi ya damu ya mzee au kijani cha chupa. Pale Al Sadd, nyuma ya duka letu, kulikuwa na hoteli, na kwenye hoteli hiyo alifanya kazi mama mmoja wa Unguja, msimamizi wa usafi wa vyumba. Alikuwa akitugawia sisi Watanzania mandazi siku za sikukuu. Hoteli ilipobadilisha mapazia ya ukumbi, yeye aliyanunua yale ya zamani kwa bei ya kutupa, akayaweka kwa ajili ya nyumba aliyokuwa akiijenga kwao Fuoni. Mahameli. Rangi ya divai iliyokolea. Nilikuwa nimeyaona siku moja akiyaanika.

Nilimkuta mapumziko ya mchana.

"Mapazia yangu?" aliuliza. "Yale yangu ya Fuoni? Yaende yakamfunike kafiri wa kwenye fremu?"

"Mama, yakamfunike ili bibi wa watu asali kwa raha."

"Hapo umesema neno," alisema. "Haya. Chukua moja. Lakini mwanangu, nakwambia tena nakwambia: mkasi usitie. Lilivyo ndivyo lirudi. Ukilitia mkasi, wallahi nakuja mwenyewe Morogoro kwa mama yako."

Pazia lilikuwa refu kuliko picha kwa mkono mzima. Nililikunja juu, nikashona kwa mkono, kwa nyuzi ndefu zinazofumuka bila kuacha alama, na upindo wa ziada ukawa mzito ukaanguka kwa mikunjo mizuri kuliko ningelikata. Hilo chuo hawakunifundisha. Hilo ni langu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa, mimi na Mkenya tulimshusha Bwana na kumvusha ukumbini kama wanaobeba jeneza la mfalme. "Anaringa huyu," Mkenya alisema akihema. "Hata kubebwa anabebwa mkono kiunoni." Zilitukatikia biti mbili, yale meno ya drili, kwenye zege ya chumba cha kulia. Hakunitoboa. Alivuta pumzi, akachukua ya tatu, akatoboa mwenyewe.

Baada ya sala tulifunga madirisha, nikazunguka na tochi. Mkenya alisimama mbele ya picha na mikono kifuani, tayari kucheka. Niliinua tochi, nikaishusha, nikasogea nyuma ya kabati la vyombo, nikaielekeza juu kidogo. Shavu likawaka, kisha kola, kisha vidole. Giza la nyuma likarudi nyuma.

Mkenya aliteremsha mikono. Hakusema "buda" wala "manze". Alisema, "Huyu mtu yuko hapa."

Nikafunga taa mahali pale pale. Nikafunga fimbo ya shaba, pete, pazia na kamba. Kamba nilimwita Yumma aipime mwenyewe. Nilifunga fundo pale mkono wake ulipofika bila kuinua bega.

Jioni dada za Madamu walikuja na watoto wao. Si mahali pangu kuwa kati ya wanawake wa watu, kwa hiyo nilikaa jikoni, nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Nilisikia wakisali isha sebuleni, wote, na Yumma akiwa nao kwenye zulia lake laini. Nikasikia viti vikivutwa chumba cha kulia, na Madamu akiulizwa, iko wapi hiyo picha? Kisha nikasikia fimbo ya Yumma ikigonga vigae, polepole, kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Alikuwa anawasubirisha makusudi.

Pete ziliteleza kwenye shaba, zote kwa mpigo mmoja.

Wanawake wakavuta pumzi, halafu mtu akasema mashallah, halafu kicheko, na sauti ya Yumma juu ya wote ikisema, "Msalimieni! Amekaa gizani siku nzima, maskini." Usiku ule alilifungua na kulifunga pazia mara sita. Nilihesabu kwa sauti ya pete.

Jumapili meneja aliniita. Dada wawili wa Madamu walikuwa wameshapiga simu, kila mmoja akitaka "yule Mtanzania wa pazia". Karatasi yangu mpya ilikuwa mezani, na neno "msaidizi" halikuwepo. Niliipiga picha ile karatasi, nikamtumia baba yangu mdogo. Alijibu kwa alama ya kidole gumba tu, na kidole kile nimekihifadhi kwenye simu hadi leo.

Ilichukua wiki tatu duka lishone pazia jipya la kudumu kwa kipimo cha Bwana. Lilipokamilika nilichukua Ijumaa nzima ya mapumziko yangu, nikasema leo nawalipa wote walioniazima.

Nilianzia chumbani. Mkenya nilimpa boksi zima la biti, za zege, za chuma na za mbao, kwenye kesi yake. Alifungua, akazitazama moja moja. "Hizi ni nyingi kuliko zenye ulivunja," alisema. Nikamwambia zilizobaki avunje yeye. Mganda nilimrudishia tochi yake na nyingine mpya pembeni. Alizijaribu zote mbili usoni mwangu, akasema, "Sasa nakuona, ssebo," na hilo kwake ni sifa kubwa.

Al Sadd nilimpelekea mama wa Unguja pazia lake. Nilikuwa nimefumua nyuzi zangu zote, nikalipeleka kwa dobi, nikalipiga pasi kwa mvuke. Alilitandaza kitandani, akapitisha vidole kwenye upindo wote akitafuta mkasi. Hakuupata. Nilikuwa nimeacha pete zangu za shaba juu. "Na hizi?" aliuliza. Nikamwambia ni za Fuoni. Akageuka dirishani, akasema vumbi la Doha halina adabu, na akanipa mandazi manane, na wala haikuwa sikukuu.

Wa mwisho alikuwa Yumma. Yeye alikuwa ameniazima bila mimi kuomba: ukuta wake. Matundu yangu manne yalikuwa bado pale, mbele ya kibla, na kila aliposali alikuwa akiyaona. Nilikwenda na puti ya kuzibia, msasa na kikopo cha rangi niliyoichanganya mara tano mpaka ikafanana. Aliketi kwenye kiti chake akinitazama, fimbo magotini. Nilijaza, nikasubiri pakauke, nikasugua, nikapaka, nikasugua tena, nikapaka tena. Madamu alipita akauliza pawekwe nini sasa pale, saa au aya iliyofumwa? Yumma akajibu kabla yangu: pakae patupu.

Rangi ilipokauka bibi aliinuka, akaja mpaka ukutani. Aliegemeza fimbo, akaweka kiganja juu ya rangi na kukipitisha taratibu kutoka kushoto hadi kulia, amefumba macho. Akarudi, chini kidogo. Akasimama mahali fulani, akabonyeza kwa kidole gumba, akaendelea.

"Yalikuwa wapi?" aliuliza.

"Sijui, Yumma," nilisema.

Nilikuwa najua. Ningeweza kuyaonyesha yote manne nikiwa nimefumba macho. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua mswala wake, na mimi nikakusanya kikopo changu na brashi nikatoka kwa mlango wa jikoni, kabla adhana haijaisha.